Sabuni yangu ya uso "laini" imenibabua mashavu: kosa ni la desili glukosaidi au ni langu?

#1 Nuru wa Tabata

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite, mwenye ujuzi avute kiti.

Mimi ni mjasiriamali mdogo, mwaka wa nne sasa natengeneza sabuni ya maji ya vyombo na ya mikono. Fomula yangu ni ile ile ya watu wote: salfoniki, slesi, soda eshi, CDE, chumvi, rangi, manukato. Wateja wapo, siku zinakwenda. Mwezi wa tano nikaamua nijaribu sabuni ya uso, maana akina dada wa mtaani hawaachi kuniulizia. Slesi ya vyombo najua haina adabu usoni, kwa hiyo nikazunguka Kariakoo kutwa nzima natafuta malighafi ya povu iliyo laini. Muuzaji mmoja akanitolea dumu la lita moja, limeandikwa kwa kalamu nene neno moja tu: DECYL. Akaniambia, "Dada, hii ni ya nazi na sukari, hata kichanga anaogeshwa." Bei yake nilivyoitajiwa nilikaa kwanza. Nikalipa.

Fomula niliyoibuni: desili mililita 400, maji ya mchele mililita 500, gliserini vijiko vinne, sodiamu benzoeti kijiko kimoja isiharibike, matone ya mchaichai, na chumvi vijiko vitatu ili iwe nzito. Haikuwa nzito. Nikaongeza chumvi, wapi, ikabaki kama maji ya kunawa harusini. Nikasema basi, nikajaza chupa 24 na stika nzuri kabisa: "LAINI KWA NGOZI YAKO".

Siku ya kwanza nilivyonawa, ngozi ikavuta kama ngoma iliyowambwa juani. Nikajua ndiyo kutakata. Siku ya tatu mashavu yanawasha, pembeni mwa pua yanatoka magamba. Siku ya nne wifi yangu wa Mbagala akanitumia picha ya uso wake saa tano usiku, bila hata salamu. Hadi leo nimerudisha hela za watu sita.

Naomba kujuzwa: nimeuziwa kitu feki? Au hiyo desili yenyewe ndiyo kali, wanatudanganya tu kwa jina la nazi?

#2 Mtungi Mtupu

Niko chini ya mwembe nasubiri wakemia. Ila dada Nuru, chumvi vijiko vitatu halafu ukaongeza? Ulikuwa unatengeneza sabuni au unaandaa ng'onda?

#3 Sabuni ya Mche

Haya yote ni kutafutana ubaya. Sisi tumekua tunaoga sabuni ya mche ya kufulia, uso, kichwa, miguu, kila kitu. Mbona ngozi zipo? Desili sijui glukosi, mnajitafutia magonjwa kwa hela zenu.

#4 Fundi Asidi

Dada Nuru, pole. Kabla hatujamtukana muuzaji, nijibu mawili. Ulipima pH, kile kipimo cha asidi na ualkali? Na dumu lilikuja na karatasi yoyote inayosema lina asilimia ngapi ya kiini, yaani malighafi yenyewe bila maji?

Na mkuu Sabuni ya Mche, hujakosea kabisa, ila umesahau kipande cha pili cha hadithi. Baada ya hiyo sabuni ya mche, nani alikuwa anakupaka mafuta ya nazi mpaka unang'aa kama sufuria mpya? Mama alikuwa anarudisha kwa mkono wa kushoto kilichochukuliwa na mkono wa kulia.

#5 Nuru wa Tabata

Asante kaka Fundi. Karatasi sikupewa. pH nina zile karatasi nyekundu na bluu za shuleni, mdogo wangu ndiye alikuwa nazo. Nilichovya nyekundu ikageuka bluu. Nikajua ndivyo sabuni zilivyo.

#6 Kijiko Kimoja

Kamulia limau mbili humo ndani, pH itashuka yenyewe, na limau linang'arisha uso. Fomula ya bure hiyo.

#7 Fundi Asidi

Kijiko Kimoja, hapana, tafadhali. Nitarudi kwako mwishoni.

Dada Nuru, kwa maelezo yako sidhani umeuziwa feki. Umeuziwa kitu sahihi bila maelekezo, na hilo ndilo linalotumaliza sisi wa malighafi za madumu. Nilikaa maabara ya kiwanda cha sabuni miaka kumi na moja, acha nieleze kwa lugha ya nyumbani.

Kila malighafi ya povu, kitaalamu sarfaktanti, ichukulie kama kiluwiluwi. Ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ukizimwaga kwenye maji na kufikia kiwango fulani zinakusanyika kama tufe, mikia ndani, vichwa nje. Uchafu wa mafuta unanaswa katikati kwenye mikia, maji yanauchukua. Ndiyo kutakata kwenyewe.

Shida ni vile viluwiluwi vinavyozurura peke yao nje ya kundi. Hivyo ndivyo vinavyopenya kwenye ngozi. SLS, kaka mkali wa slesi, ina kichwa kidogo chenye chaji hasi. Inajibandika kwenye protini za ngozi, zinavimba, na mafuta ya ngozi yanaondoka nayo. Ukali wake unajulikana kiasi kwamba madaktari wa ngozi wakitaka kuwasha ngozi makusudi kwenye majaribio, SLS ndiyo wanayoifikia kwanza.

Desili glukosaidi kichwa chake ni sukari, glukosi. Ni kikubwa, hakina chaji, hakina sababu ya kung'ang'ania protini. Mkia wake unatokana na alkoholi ya mafuta ya nazi au ya mbegu za mawese. Kwa hiyo muuzaji aliposema nazi na sukari hakukudanganya. Mjerumani Emil Fischer alishaunganisha sukari na alkoholi kwa njia hii mwaka 1893, ingawa viwanda vilikuja kuitengeneza kwa wingi karibu miaka mia baadaye. Koko-glukosaidi ni ndugu yake tumbo moja, mikia yake imechanganyika mirefu na mifupi, ndiyo maana ni nzito na ina ukungu kidogo.

Sasa alichokuficha, au pengine hata yeye hajui: desili ikitoka kiwandani pH yake iko kati ya 11.5 na 12.5. Kuiunganisha kunahitaji asidi, mwishoni wanaizima ile asidi kwa kostiki, na wanaiacha juu hivyo ili wadudu wasizaliane kwenye pipa. Aliyeitengeneza anategemea wewe mnunuzi uishushe. Ngozi ya uso inakaa kwenye 4.7 hadi 5.5 hivi. Na pH haihesabiwi kama bei ya nyanya. Kila hatua moja ni mara kumi. Kama sabuni yako ilikuwa 10.5, kutoka 5.5 ni hatua tano, yaani ualkali mara laki moja. Hata sabuni ya mche, tunayoilaumu, iko 9 au 10.

La pili, wingi. Desili ya kawaida ni nusu kiini, nusu maji. Mililita 400 kwenye chupa ya karibu lita moja ni kiini asilimia 20 na ushee. Sabuni ya uso haihitaji hata nusu ya hiyo.

La tatu, chumvi. Chumvi inaifanya slesi kuwa nzito kwa sababu slesi ina chaji, na chumvi inachezea chaji. Desili haina chaji. Ungemwaga gunia zima la chumvi ya Uvinza, ingebaki maji vile vile.

La nne, benzoeti. Hiyo inahifadhi ikiwa tu pH iko chini, 5 na kidogo kushuka. Kwenye 10 ilikuwa pambo. Kilichokuwa kinakulindia sabuni isioze ni ule ule ualkali uliokubabua. Na hapa ndipo limau la Kijiko Kimoja linapokuwa balaa: ukishusha pH huku ndani kuna maji ya mchele, umefungua mlango na umeandaa pilau. Juisi ya limau nayo haina kipimo, hili kali, lile limekomaa mno, na ina sukari na nyama za tunda. Tumia asidi ya sitriki, ule unga mweupe kama chumvi, uliokorogwa kwenye maji kwa kipimo. Maji ya mchele achana nayo, waachie wanaopika uji.

#8 Mtungi Mtupu

"Umefungua mlango na umeandaa pilau." Mkuu Fundi, nimesogeza kiti karibu.

#9 Mkaazi wa Ruwi

Asalaam aleikum jamaa zangu. Nasoma nikiwa Muscat, nimecheka kisha nimekumbuka. Marehemu bibi yangu kule Unguja sabuni ya nywele hakuijua. Alikuwa akichuma majani ya mkunazi, anayaponda kwenye kinu kidogo, anayavuruga na maji ya vuguvugu mpaka yanatoa povu la kijani, anatuosha vichwa. Macho hayawashi, nywele laini. Huku Oman unga wa majani hayo wanauita sidri, umejaa sokoni, na wanawake wanaukoga mpaka leo. Na sote tunajua maiti wetu wanaoshwa kwa maji ya mkunazi.

Suala langu kwa Fundi: lile povu latoka wapi, na majani hayana kiwanda?

#10 Fundi Asidi

Waaleikum salaam ndugu yangu, umeuliza swali tamu kuliko yote kwenye uzi huu.

Povu la mkunazi ni saponini. Na saponini ni nini? Ni sukari iliyoshikizwa kwenye kipande kinachopenda mafuta. Yaani mpango ule ule: kichwa cha sukari, mwili wa mafuta. Kwa lugha ya maabara zote ni glukosaidi au jamaa zake. Mti umelifanya hilo kabla Fischer hajazaliwa. Tofauti ni kwamba kile kipande cha mafuta cha saponini ni kipana kama pete zilizoshikana, la desili ni mkia mmoja mwembamba, na majani hayakupi kipimo. Msimu huu povu jingi, msimu ujao dogo. Na chombo cha majani mabichi kinachacha kesho yake, ndiyo maana bibi alikuwa anaponda ya siku hiyo hiyo.

#11 Binti Kisauni

Mimi nauliza kwa uchungu kidogo. Tangu nianze kutumia shampuu moja "ya asili, haina salfeti", kope zangu zavimba na shingo yaniwasha, hapa pembeni povu linapoteremka. Nyuma ya chupa imeandikwa desili glukosaidi na kokamidopropili betaini. pH mimi nimeipima ni 5.5, mume wangu ana zile karatasi za kupimia maji ya samaki wa mapambo. Sasa hapo mwasemaje? Mpole gani huyu?

#12 Daktari wa Zamu

Dada Binti Kisauni, cha dada Nuru na chako ni vitu viwili tofauti, tusivichanganye.

Dada Nuru alipata mwasho wa kuunguzwa. Huo haumchagui mtu; ukimpaka yeyote kitu chenye pH 10 na kiini asilimia 20 kila siku, ataungua, swali ni lini. Ndiyo maana wateja walilalamika wengi kwa mpigo.

Chako kinanukia mzio. Mzio unachagua. Watu mia wanatumia bila shida, wewe mmoja kinga yako imeikariri ile kemikali kama adui, na inajibu hata kwa kiasi kidogo, mara nyingi siku moja au mbili baada ya kugusa. Kope na shingo ni mahali pake hasa, ngozi ni nyembamba na povu linapita hapo. Chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi unaotokana na kugusa vitu huwa kinataja kila mwaka kemikali moja ya kuangaliwa zaidi. Mwaka 2004 waliitaja betaini hiyo hiyo. Mwaka 2017 wakataja familia nzima ya glukosaidi, desili ikiwemo. Haimaanishi ni sumu. Wanataja ili daktari akiona upele usioeleweka awe na la kuuliza. Kwa betaini, mara nyingi kinacholeta shida ni mabaki ya utengenezaji, zile amini zilizobaki, kwa hiyo betaini iliyosafishwa vizuri si sawa na ya bei ya chee.

Acha hiyo shampuu sasa hivi. Nenda kliniki ya ngozi, omba kipimo cha kubandika: wanakubandika vidonge vidogo vya kemikali mgongoni, vinakaa saa 48, wanasoma, wanasoma tena siku ya nne hivi. Hiyo ndiyo njia ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Na ikithibitika ni desili, angalia pia losheni za jua, kuna kichujio kimoja cha mionzi ambacho husagwa pamoja nayo, utaipaka bila kujua.

Dada Nuru na wewe: kuna mteja yeyote aliyekuwa anatumia mkorogo? Ngozi iliyochubuliwa haina ukuta. Huyo hata maji ya bomba yanamchoma.

#13 Nuru wa Tabata

Dokta umenigusa. Wifi yangu... tuishie hapo. Atasoma.

#14 Jua Kali 254

Habari zenu wadau, niko Thika. Kule kwetu hiyo slesi yenu tunaiita ungerol, na kila nyumba ya tatu kuna mtu anakoroga. Nataka kusema kitu kimoja ambacho hakijasemwa: bei. Dada Nuru amekaa chini aliposikia bei ya desili, na mteja wake wa mtaani hatanunua chupa kwa bei hiyo mara mbili. Mimi sabuni ya mwili natengeneza kwa ungerol bado, lakini nimeipunguza na kuipooza kwa betaini. Kwa kilo moja naweka ungerol ya asilimia 70 gramu 100, na betaini ya asilimia 30 gramu 100. Kiini kinakuwa 7 na 3, jumla 10. Chumvi hapo inafanya kazi, kidogo kidogo tu, ukizidisha inarudi kuwa maji. Nashusha pH hadi 5.5. Mwaka wa pili sijarudishiwa chupa.

Si laini kama ya desili. Lakini ni laini kuliko ile ya kwanza ya dada Nuru, na hiyo ndiyo inayonishangaza kwenye uzi huu.

#15 Fundi Asidi

Jua Kali, mkono wako huo. Ulichosema mwishoni ndicho ningependa kila mkorogaji akibandike ukutani. Upole uko kwenye mchanganyiko, lile jina la kwenye dumu ni mwanzo tu.

Na hiyo ya kupooza ina sababu yake. Betaini kichwa chake kina chaji mbili, chanya na hasi, kwa pamoja. Ikiingia kwenye kundi la slesi, zile chaji hasi zinazosukumana zinatulia, kundi linakuwa kubwa na imara, na viluwiluwi vinavyozurura vinapungua. Ni kama pilipili kwenye mchuzi: hujaitoa, umeitia tui. Ndiyo maana sabuni ya aina mbili tatu zilizochanganywa mara nyingi ni laini kuliko ya aina moja peke yake kwa kiini kile kile. Hata desili inanufaika.

Ila CDE hiyo mnayoizoea kwa ajili ya uzito na povu, kwenye bidhaa ya uso na ya watoto iacheni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu, kutokana na majaribio ya wanyama. Sina haja ya kumtisha mtu kuhusu sabuni ya vyombo, lakini mbadala upo, ya nini sasa?

#16 Malighafi Bei Poa

DESILI, KOKO, BETAINI, SITRIKI, ZANTHANI ZOTE ZIPO. HAZIHITAJI KUPIMWA PH, ZIMESHAPIMWA. KARIBUNI PM.

#17 Mtungi Mtupu

Hazihitaji kupimwa. Wakuu, mwacheni huyu apite, msimguse.

#18 Mama Vipande wa Arusha

Nachomekea la pembeni. Mimi natengeneza sabuni za kipande za nywele kwa SCI, sodiamu kokoili isethioneti. Hiyo nayo ni ya mafuta ya nazi, haina ualkali, povu lake zito kama maziwa yaliyopigwa. Ndiyo familia iliyoibeba Dove tangu ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1957, kipande ambacho kinaonekana sabuni lakini kwa kemia si sabuni, pH yake karibu na 7. Wanaotaka upole bila maji na bila hangaiko la kuoza, huku kuna nafuu.

Tahadhari moja: inakuja kama unga au vichembe, na vumbi lake likiingia puani utapiga chafya mpaka jirani aje kukuuliza. Vaa barakoa, funga feni. Mimi nilijifunza siku ambayo feni ilikuwa namba tatu.

#19 Nuru wa Tabata

Wakuu nimerudi. Leo nimenunua karatasi za pH zenye rangi kumi na nne. Nimefanya kama nilivyosoma mahali, gramu moja ya sabuni yangu kwenye gramu tisa za maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa, maana sabuni nzito inazidanganya karatasi. Nimechovya, nikahesabu sekunde, nikaisogeza kwenye boksi lake dirishani.

Bluu. Bluu iliyokolea, kati ya 10 na 11. Nimeikazia macho sana. Nimekumbuka stika yangu, LAINI KWA NGOZI YAKO, nikaona aibu peke yangu jikoni.

Chupa zilizobaki ni kumi na moja. Naweza kuziokoa kwa sitriki?

#20 Fundi Asidi

Usiziokoe. Kiini kimezidi, chumvi imo, maji ya mchele yamo. Oshea sakafu, na uvae glavu.

Anza upya. Nakupa kianzio, ukirekebishe mwenyewe. Kwa gramu 1000, kwa mizani, vijiko viache kwenye chai:

Zanthani, ule unga wa kuongeza uzito, gramu 8, uitawanye kwanza ndani ya gliserini gramu 30 ili isifanye madonge, kisha umimine kwenye maji yaliyotoneshwa huku unakoroga. Iache itulie mpaka iwe kama uji mwepesi. Ongeza desili gramu 100 na betaini gramu 130, taratibu, mwiko usiinuke, la sivyo utakesha unasubiri povu lishuke. Kiini hapo ni 5 na karibu 4, jumla 9. Kihifadhi weka kile chenye maelekezo ya kiwango. Fenoksiethanoli kwa mfano isizidi gramu 10. Maji jumla yawe kiasi cha kufikisha 1000.

Mwisho sitriki. Korogea nusu kwa nusu na maji, kisha tone kwa tone. Koroga, subiri dakika mbili, pima. Itakaa juu kwa muda kama haisikii, halafu ghafla inaporomoka. Hapo ndipo watu wanapitiliza hadi 4. Ukifika 6 punguza mkono. Simama 5 hadi 5.5. Acha usiku kucha, pima tena asubuhi.

Manukato kwenye ya uso usiweke kabisa. Mchaichai wenyewe una watu wake wanaoudhurika nao.

#21 Kijiko Kimoja

Haya nimeshindwa. Ila bado nasema limau lilikuwa la bure.

#22 Sabuni ya Mche

Nauliza tu, si kwamba nimebadili msimamo. Hiyo ya uso mwanaume anaweza kutumia baada ya kunyoa ndevu?

#23 Mtungi Mtupu

Uzi umeiva.

#24 Karani wa Mezani

Dada Nuru, ukishaipata sawasawa usiuze kwa stika tu. Tangu 2019 vipodozi vimehamia TBS, shirika la viwango, kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wake kupata barua ya utambulisho. Na usione kwamba vitu vya ngozi vyenye vipimo ni vya ulaya tu; kule Moshi wanatengeneza losheni ya jua ya Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino.

#25 Nuru wa Tabata

Wiki tatu zimepita, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi wengine PM.

Ya kwanza nilipitiliza. 3.9. Kaka Fundi alisema kabisa, na mkono haukusikia. Ya pili nilitoneshea kwa bomba la sindano, nikapima mara tisa. Jioni 5.3, asubuhi 5.4. Nimeipaka nyuma ya sikio siku tatu, kisha shavu moja siku nne, ndipo uso mzima wiki mbili. Ngozi haivuti. Nikinawa najisahau kama nimenawa. Magamba ya pembeni mwa pua yamekwisha.

Chupa ya kwanza nimempelekea wifi Mbagala bure, kwa mkono wangu, na kuku. Stika imeandikwa tarehe, viambato vyote na namba ya mzigo. Neno laini nimelitoa.

Jana kanitumia sauti. Nanukuu: "Wifi, hainiwashi, nashukuru. Lakini mbona povu dogo? Mimi naona kama haitoi uchafu. Ile ya kwanza ilikuwa inatakatisha."

Nifanyeje wakuu?

#26 Fundi Asidi

Ongeza betaini gramu 20, punguza maji gramu 20, pima pH upya. Na hapo usithubutu kugusa chumvi.

#27 Jua Kali 254

Mpe na chupa yenye pampu ya povu. Ataona povu jingi na atalala.